Takwimu sahihi, picha ya uongo: Chati yenye mihimili miwili ya wima inavyopotosha

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KATI ya Agosti 2012 na Agosti 2022 idadi ya watu wa Tanzania iliongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120. Katika kipindi hicho hicho wakazi wa Dodoma mjini waliongezeka kutoka 410,956 hadi 765,179. Takwimu hizo ni za sensa mbili za watu na makazi, na hahitajiki bingwa wa hesabu kutambua maana yake: taifa lilikua kwa asilimia 37, Dodoma kwa asilimia 86.

Hata hivyo, tarakimu hizo nne zikiingizwa kwenye kompyuta na kuchorwa katika chati moja yenye mihimili miwili ya wima, wa kushoto kwa ajili ya taifa na wa kulia kwa ajili ya Dodoma, mchoraji anaweza kupata karibu picha yoyote aipendayo. Anaweza kuonyesha kwamba Dodoma imepaa na taifa limelala. Anaweza kuonyesha kwamba Dodoma na taifa vimekwenda sambamba bila kupishana hata unywele. Anaweza pia kuonyesha kwamba taifa limeipita Dodoma na kuiacha nyuma. Katika picha zote tatu hatakuwa amebadilisha tarakimu hata moja.

Suala hilo lina uzito wa pekee Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Hapo ndipo ulipo Mji wa Serikali, uliozinduliwa Aprili 2019, na ndipo taarifa za wizara mbalimbali zinapokutana na watu wanaoamua fedha ziende wapi. Taarifa nyingi za aina hiyo hubeba chati, na chati husomwa kabla ya maneno. Wenye haraka huishia kwenye chati.

Chati ya kawaida ina mhimili mmoja wa mlalo, ambao mara nyingi hubeba miaka au miezi, na mhimili mmoja wa wima unaobeba kiasi. Shida huanza pale mtu anapotaka kuonyesha pamoja vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja, kama mvua kwa milimita na joto kwa nyuzi, au bei kwa shilingi na mavuno kwa tani. Wakati mwingine kipimo ni kimoja lakini ukubwa umepishana mno, kama ilivyo kwa taifa na jiji moja. Watu laki saba wakichorwa kwenye kipimo cha watu milioni sitini, mstari wao utalala sakafuni na hakuna atakayeuona. Ndipo mchoraji anapoamua kuongeza mhimili wa pili upande wa kulia.

Miongoni mwa zana zinazotumika sana duniani kwa kazi hiyo ni matplotlib, maktaba ya programu inayotumiwa pamoja na lugha ya kompyuta iitwayo Python. Maktaba kwa maana hii si jengo la vitabu, bali ni mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mwandishi wa programu huyaita kwa jina badala ya kuyatunga upya. Ilianzishwa na John D. Hunter, mtafiti wa Marekani wa masuala ya ubongo, aliyekuwa akitafuta njia nzuri ya kutazama mawimbi ya umeme wa ubongo ya wagonjwa wa kifafa, na ilitolewa kwa umma mwaka 2003. Hunter alifariki dunia mwaka 2012, lakini maktaba yake inaendelezwa na wengine na hupatikana bila malipo.

Ndani ya matplotlib, mhimili wa pili hupatikana kwa agizo moja fupi liitwalo twinx. Mchoraji akishaandaa chati ya kwanza, ambayo kwa mazoea huitwa ax1, huandika ax2 = ax1.twinx() na kazi imekwisha. Kompyuta huweka juu ya chati ya kwanza kitu kama karatasi nyingine inayopitisha mwanga, yenye mhimili wa mlalo ule ule, lakini mhimili wake wa wima ukiwa kulia. Chochote kinachochorwa kwenye ax2 husomwa kwa kipimo cha kulia. Watumiaji wa Excel hupata kitu hicho hicho kwa kuchagua mstari mmoja na kuuhamishia kwenye mhimili wa pili.

Kinachosahaulika ni kwamba karatasi hizo mbili hazijuani. Kila moja hujitafutia kipimo chake: hutazama tarakimu ndogo kabisa na kubwa kabisa iliyopewa, huacha nafasi kidogo juu na chini, kisha huunyoosha mstari mpaka ujaze chati. Kwa mfano wetu wa sensa, mstari wa taifa utaanzia pembe ya chini kushoto na kuishia pembe ya juu kulia. Mstari wa Dodoma nao utaanzia pale pale na kuishia pale pale. Ongezeko la asilimia 37 na ongezeko la asilimia 86 litafunikana kabisa. Isitoshe, kwa kuwa kila karatasi huanza mpangilio wake wa rangi upya, mistari yote miwili itakuwa ya bluu, na mtazamaji ataona mstari mmoja tu.

Huo ni upotoshaji usio na nia mbaya. Mchoraji hakuchagua chochote. Aliiachia kompyuta ichague. Lakini matplotlib pia ina agizo liitwalo set_ylim, linalompa mchoraji uhuru wa kupanga mwenyewe mwanzo na mwisho wa kila mhimili, na hapo ndipo mambo huwa makubwa zaidi.

Chukua mfano huu, ambao msomaji mwenye kompyuta anaweza kuujaribu mwenyewe. Mhimili wa kushoto uanzie milioni 40 na kuishia milioni 65. Mhimili wa kulia uanzie sifuri na kuishia 1,200,000. Ziunganishe nukta za 2012 na 2022 kwa mstari ulionyooka. Mstari wa Dodoma utaanza ukiwa juu ya mstari wa taifa, lakini utapanda polepole, na taifa litaupita. Mistari hiyo itapishana Julai 2016.

Julai 2016 ni mwezi ambao Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma, kutekeleza uamuzi uliokuwa umefikiwa tangu mwaka 1973. Kwa msomaji asiye na habari, chati hiyo inatoa ushahidi mzito: hadi siku ya tangazo Dodoma ilikuwa juu, na tangu tangazo imeachwa nyuma. Mtu anaweza kusimama mbele ya kikao na projekta, akaelekeza kidole kwenye makutano hayo, na kuanza kueleza sababu zake. Sababu hazikosekani kamwe.

Sasa badili tarakimu moja tu. Kikomo cha kulia kiwe 1,600,000 badala ya 1,200,000. Makutano yatarudi nyuma hadi mwishoni mwa 2013, mwaka ambao hakuna aliyekuwa akifungasha mizigo kuelekea Dodoma. Badili tena: kushoto kuwe sifuri hadi milioni 100, kulia kuwe 400,000 hadi 800,000. Safari hii Dodoma inachomoka sakafuni na kugusa dari, na taifa linaonekana kama limesimama. Mahali mistari inapopishana hapana uhusiano wowote na watu waliohesabiwa. Ni matokeo ya tarakimu alizoandika mchoraji kwenye agizo la set_ylim.

Tena katika mfano huu sensa ni mbili tu, yaani kila mstari una nukta mbili za kweli, moja kila mwisho. Kilicho katikati, pamoja na hiyo Julai 2016, kimejazwa na rula.

Kwa jambo la namna hii, dawa ipo na ni ya kizamani. Ni ile ile inayotumika katika Fahirisi ya Bei za Mlaji ambayo wasomaji wa magazeti wameizoea katika habari za mfumuko wa bei: chagua mwaka wa kuanzia, uupe thamani ya 100, kisha pima kila kitu kwa mwaka huo. Taifa linatoka 100 hadi 137. Dodoma inatoka 100 hadi 186. Mhimili ni mmoja, mistari inaanzia mahali pamoja, na tofauti inayoonekana ndiyo tofauti iliyopo. Mpango wenye mhimili mmoja haumpi mchoraji nafasi ya kuamua nani atampita nani.

Mihimili yenye undugu

Isidhaniwe kwamba kila chati yenye mihimili miwili ni ya kulaumiwa. Mwanafunzi wa jiografia wa sekondari huchora grafu ya hali ya hewa, mvua ikiwa nguzo na joto likiwa mstari, na grafu hiyo haijamdhuru mtu. Nguzo na mstari havifanani, kwa hiyo jicho halishawishiki kuuliza kipi kimekipita kingine.

Wataalamu wa mimea walikwenda mbali zaidi. Heinrich Walter na Helmut Lieth, Wajerumani waliotoa atlasi ya chati za hali ya hewa ya dunia katika miaka ya 1960, waliifunga mihimili hiyo miwili pamoja kwa kanuni isiyobadilika: nyuzi joto 10 upande mmoja zilingane na milimita 20 za mvua kwa mwezi upande wa pili. Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya Mfaransa Henri Gaussen, aliyeuhesabu mwezi kuwa wa kiangazi pale mvua yake kwa milimita inapopungua mara mbili ya wastani wa joto lake. Hapo makutano ya mistari hupata maana. Mvua ikishuka chini ya mstari wa joto, mimea imeanza kukosa maji. Ikipanda juu yake, msimu umerejea.

Chora Dodoma kwa kanuni hiyo. Jiji hupata kati ya milimita 500 na 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Joto la wastani hucheza kwenye nyuzi ishirini na kitu mwaka mzima. Hivyo mwezi wenye mvua chini ya milimita arobaini na kitu huhesabiwa kuwa mkavu, na mstari wa mvua huzama chini ya ule wa joto takriban kuanzia Mei hadi Novemba. Miezi saba. Mkulima wa uwele au wa zabibu nje ya jiji hahitaji chati kujua hilo, lakini chati inakubaliana naye, na itakubaliana naye hata ikichorwa na mtu mwingine, kwa kuwa kipimo hakikuchaguliwa ili kumpendeza mtu.

Tofauti hiyo kati ya mihimili yenye undugu na isiyo na undugu imeingia hata ndani ya zana zenyewe. Tangu mwaka 2019 matplotlib ina agizo jingine, secondary_yaxis, ambalo si sawa na twinx. Halileti karatasi ya pili. Linaweka upande wa kulia tafsiri ya mhimili wa kushoto kwa kanuni anayoitoa mchoraji, kama vile nyuzi za Celsius kuwa Fahrenheit. Mstari unabaki mmoja, unasomwa kwa vipimo viwili. Hadley Wickham, mtaalamu wa takwimu kutoka New Zealand aliyetunga maktaba ya ggplot2 ya lugha ya R, alikuwa mkali zaidi. Kwa miaka mingi aliukataa mhimili wa pili, na ulipoingizwa mwaka 2016 uliruhusiwa kwa sharti kwamba uwe ni mgeuzo wa ule wa kwanza. Mchoraji mwenye nia ya kudanganya bado anaweza kutunga mgeuzo wa kumfaa, lakini walau analazimika kuuandika, na mwenzake anaweza kuusoma.

Visima vya Makutupora

Kaskazini mwa jiji, katika bonde la Makutupora, viko visima vya Mzakwe ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya Dodoma. Maji hayo yako chini ya ardhi, hayaonekani, na kiasi chake hujulikana kwa kupima kina cha maji ndani ya visima. Swali la mpangaji wa jiji linaloongezeka kwa asilimia 86 katika miaka kumi ni rahisi kuliuliza: mvua inarudisha kiasi gani cha maji yanayovutwa?

Mtu wa kwanza kuliweka swali hilo kwenye matplotlib atachora mvua ya kila mwaka kushoto, ataandika twinx, na atachora kina cha maji kulia. Mtego wa kwanza utamnasa papo hapo. Kina hupimwa kutoka usawa wa ardhi kwenda chini, kwa hiyo tarakimu ikikua maji yamepungua. Chati isiyogeuzwa itaonyesha mstari unaopanda huku maji yakizama, na mtazamaji aliyezoea kwamba kupanda ni neema atafurahi. Agizo la ax2.invert_yaxis() hurekebisha hilo kwa kuupindua mhimili, na ni agizo ambalo halifai kusahauliwa na yeyote anayechora visima. Baadhi ya wataalamu wa maji hupindua mvua badala yake, nguzo zikining'inia kutoka juu ya chati kama zinavyonyesha, ili zisigongane na mstari wa maji chini.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, na Makutupora ni mahali pazuri pa kuuona, kwa sababu ina kitu ambacho ni adimu katika Afrika: kumbukumbu ndefu za vipimo vya visima. Watafiti walioongozwa na Richard Taylor wa University College London, wakiwemo wataalamu wa Tanzania, walikusanya vipimo vya miaka 55 na kuchapisha matokeo katika jarida la Nature Climate Change la mwaka 2013. Walichokuta ni kwamba maji ya Makutupora hayajazwi kidogo kidogo kila masika. Kwa miaka kadhaa mfululizo kina huendelea kushuka, mvua ikinyesha kila mwaka kama kawaida. Kisha hutokea msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi ukihusishwa na El Nino na hali ya joto la Bahari ya Hindi, na maji hupanda kwa ghafla. Mvua za El Nino za 1997 na 1998, ambazo wengi wanazikumbuka kwa madaraja na barabara zilizokwenda na maji, ndizo zilizoleta ujazo mkubwa kabisa katika kumbukumbu hizo.

Uhusiano wa namna hiyo haukubali kuonyeshwa kwa mistari miwili iliyolazwa kifudifudi mmoja juu ya mwingine. Mchoraji akichukua miaka yote, mstari wa mvua utaruka juu na chini kila mwaka na ule wa maji utateremka taratibu, na kikao kitahitimisha kwamba mvua haina habari na visima. Akikata kipande cha miaka michache kandokando ya 1998 na kurekebisha vipimo, mistari itapanda pamoja na kikao kitahitimisha kwamba mvua ikinyesha visima vinajaa. Hitimisho la kwanza ni kosa. La pili ni kosa la hatari zaidi, kwani mtu akiliamini ataruhusu pampu zivute kila mwaka kana kwamba kila masika italipa deni. Mvua ya wastani hailipi chochote cha maana. Deni husubiri msimu mmoja mkubwa ambao hakuna ajuaye utakuja mwaka gani.

Aidha, kina cha maji hakishuki kwa ukame peke yake. Pampu nazo zinavuta, na zimevuta zaidi kadiri mji ulivyokua. Hivyo vitu vya kuonyesha si viwili tena, ni vitatu. Matplotlib inaruhusu hata mhimili wa tatu, kwa kuusukuma pembeni zaidi upande wa kulia, na ipo mifano ya namna ya kufanya hivyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ni ustadi usio na faida. Msomaji anayelazimika kukumbuka mstari wa kijani unasomwa kwa tarakimu zipi ameshaacha kuitazama mvua.

Njia iliyo nyepesi ni kuzipanga chati tatu fupi moja chini ya nyingine, zote zikitumia mhimili mmoja wa miaka. Agizo lake ni plt.subplots(3, 1, sharex=True). Juu kabisa mvua ya kila msimu, kwa nguzo. Katikati kina cha maji, kwa mstari, mhimili ukiwa umepinduliwa. Chini kiasi kilichovutwa na pampu. Kila chati ina mhimili wake mmoja wa wima, wenye jina na kipimo kilichoandikwa waziwazi, milimita, mita au meta za ujazo, na nguzo na mistari vitatofautiana hata karatasi ikitolewa kwenye mashine ya kuchapa isiyo na rangi, kama zilivyo nyingi maofisini.

Anayelazimika kubaki na twinx, pengine kwa sababu nafasi ni finyu, ana mambo machache ya kufanya. Rangi ya tarakimu za kila mhimili ifanane na rangi ya kitu kinachosomwa hapo. Kimoja kiwe nguzo na kingine mstari. Vikomo vya mihimili yote miwili viandikwe kwa mkono, visiachiwe kompyuta, na maelezo chini ya chati yaseme vimechaguliwa kwa kanuni gani. Ikiwa hakuna kanuni inayoweza kuandikwa hapo kwa sentensi moja, chati hiyo ivunjwe ziwe mbili.

Kwenye zile chati tatu za Makutupora, jicho halina makutano ya kutafuta. Linaanzia kwenye nguzo ndefu za 1997 na 1998, linashuka moja kwa moja hadi mahali mstari wa maji unapoinuka, kisha linaufuata mteremko wa miaka inayofuata, nguzo za mvua za kawaida zikipita juu yake moja baada ya nyingine bila mstari kuinuka.